Kalunguyeye anatoa povu: je, ana kichaa, na je, ni ndugu wa yule wa Madagaska?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mwanga, Kigoma mjini. Shemeji yangu ni baharia. Majuzi meli yao ilitia nanga Toamasina, Madagaska, akaenda kijijini na wenyeji, na huko akatupigia video ya mnyama mdogo mweusi mwenye mistari ya njano na miiba, anatembea na wanawe mchana kweupe pembeni ya kijito. Watoto wameirudia mpaka bando limekwisha. Sasa juzi usiku, mvua ilipokatika, mwanangu wa pili akaokota kalunguyeye nyuma ya nyumba, tukamweka kwenye boksi la sabuni. Watoto wanasema ni yule yule, ila huyu hana rangi, na wanampapasa miiba ili alie kama yule wa kwenye video. Jana akaanza kutafuna boksi, akatoa povu jingi mdomoni, akajipinda kama anakata roho, akawa anajipaka povu lile mgongoni. Mama mkwe anasema huo ni ugonjwa wa mbwa, na kama si ugonjwa basi katumwa. Tumuue tukamzike mbali. Jirani anasema huyu ni mtoto wa nungunungu, akikua ataturushia miiba. Hajamng'ata mtu. Nifanye nini? Na hawa wawili ni ndugu kweli?"

Dada yangu, pole na hekaheka za nyumbani, na mama mkwe mpe shikamoo yangu. Nianze na hilo linalowakosesha usingizi: kwa jinsi ulivyoeleza, mnyama wenu haelekei kabisa kuwa na kichaa cha mbwa. Msimuue. Nitaeleza sababu, kisha nije kwa yule wa Madagaska, maana swali la watoto wako ni zito kuliko wanavyodhani.

Jibu la povu liko kwenye boksi. Umesema ni boksi la sabuni. Kalunguyeye haoni vizuri. Anaishi kwa pua. Akikutana na harufu kali asiyoizoea, iwe ya sabuni, tumbaku, ngozi ya kiatu au ngozi ya chura, hailambi tu akaachana nayo. Anaitafuna. Mate yanachanganyika na harufu ile mpaka yanakuwa povu, kisha anapinda shingo, anatoa ulimi mrefu kuliko ulivyomdhania, na kulipaka povu juu ya miiba yake, bega hili, halafu bega lile, halafu kiunoni. Anajipinda kiasi cha kuangukia ubavu. Asiyelijua jambo hili lazima ashtuke.

Mimi mwenyewe nilishtuka mara ya kwanza. Nilikuwa barazani kwa mwenyeji wangu Mwandiga, usiku, taa imewashwa, makubazi yangu ya ngozi nimeyavua pembeni. Kalunguyeye akatoka kwenye majani, akanusa kubazi moja, akauma ukanda wake na kuanza kutafuna. Nikaona mapovu meupe yanamjaa mdomoni, miguu ya mbele ameitanua kama mlevi anayetafuta kusimama, shingo imezunguka mpaka nikadhani imevunjika. Nilitazama saa: dakika kumi na mbili. Alipomaliza akajikung'uta, akaenda zake kuokota mende waliodondoka chini ya taa, akiwatafuna kwa mlio mkavu niliousikia kutoka nilipokaa. Ukanda wa kubazi langu ulikuwa umelowa tu.

Kwa nini anafanya hivyo? Maelezo mawili ndiyo yanayopewa uzito. La kwanza, anajivika harufu ya mahali alipo ili adui asimtambue. La pili, anaiongezea miiba ukali. Hili la pili lina ushahidi mzuri: mwaka 1977 mtafiti Edmund Brodie alionyesha kwamba kalunguyeye humtafuna chura mwenye sumu kisha akajipaka sumu ile mgongoni, na mwiba uliopakwa hivyo ukimchoma mtu unauma kuliko mwiba mkavu. Wa kwenu hakupata chura, alipata sabuni.

Hata hivyo mama mkwe hakukosea kuogopa povu, na ningependa watoto wamsikie hivyo kutoka kwako. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli, ukishaonyesha dalili kwa mtu karibu kila mara huua, na mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuupata, ingawa kwetu huku chanzo kikubwa ni mbwa. Tofauti ni hii. Povu la kujipaka lina mwanzo na mwisho: linaanza baada ya kutafuna kitu, mnyama analipeleka mgongoni kwa makusudi, na likiisha anarudi kuwa mzima kama kawaida. Mnyama mwenye kichaa mate humchuruzika kwa sababu koo limeshindwa kumeza. Halipeleki povu popote. Anayumba, miguu ya nyuma inalegea, anatembea ovyo mchana, anauma bila kuchokozwa, na hali inazidi kuwa mbaya siku hadi siku. Wa kwenu alifanya la kwanza. Kuhusu kutumwa, ninachoweza kusema ni kwamba kalunguyeye wote hufanya hivyo, wa hapa na wa kila nchi wanakopatikana, na hata vitoto vyao hujipaka povu vikiwa bado vidogo.

Jirani naye nimjibu kwa kifupi. Nungunungu ni mgugunaji, yuko upande wa panya na kindi, meno yake ya mbele yanakua maisha yake yote, na anakula mihogo na mahindi yetu. Kalunguyeye anakula mende, mchwa, konokono, nyungunyungu na panya wachanga akiwapata. Hata akizeeka hatakuwa nungunungu. Na hakuna mnyama duniani anayerusha miiba. Ya nungunungu inang'oka kirahisi na kumganda anayemvamia, hasa kwa vile yeye hukimbia kinyumenyume kumwelekea adui, na hapo ndipo hadithi ya kurusha ilipozaliwa. Ya kalunguyeye haing'oki kirahisi hivyo. Ni nywele tu zilizokuwa ngumu, za keratini ileile ya kucha zako. Chini ya ngozi yake kuna msuli unaozunguka mwili kama uzi wa kiunoni mwa suruali: akiuvuta, ngozi yote inafungwa na kichwa na miguu vinabaki ndani.

Sasa twende Madagaska.

Mnyama wa kwenye video, kwa rangi hiyo, kwa kutembea na watoto mchana na kwa mahali alipopigwa, ni tenreki mwenye mistari wa nyanda za chini. Anaishi katika misitu ya mvua ya upande wa mashariki wa kisiwa hicho, upande huo huo ilipo Toamasina. Jina tenreki limetokana na neno la Kimalagasi, tandraka. Wako tenreki wa namna 30 hivi huko, na wawili miongoni mwao hawana mistari, wana miiba mwili mzima na hujikunja kuwa mpira. Ukimweka mmoja wao kando ya huyo wenu kwenye boksi, utaapa wamezaliwa tumbo moja.

Lakini si ndugu. Ndugu wa karibu wa kalunguyeye ni kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu mbaya ambaye watu husema akivuka njia hufa. Ndugu wa tenreki ni nani? Tembo. Tembo, pimbi, nguva, muhanga na sange. Wazee wa elimu ya wanyama walimweka tenreki pamoja na kalunguyeye kwa sababu ya sura na chakula, na ilionekana ni jambo la wazi kabisa. Vinasaba viliposomwa, mambo yakageuka, na mwaka 1998 ukoo huo wa wanyama wenye asili ya Afrika ukapewa jina la Afrotheria. Hivyo wale pimbi wanaoota jua kwenye mawe wana undugu wa karibu zaidi na yule mnyama wa video kuliko huyo aliye kwenye boksi lenu.

Mababu wa tenreki walitoka huku bara. Madagaska ilikuwa imekwisha kujitenga na Afrika zamani sana kabla yao, kwa hiyo walifika kwa maji, yaelekea juu ya miti na matakataka yaliyosombwa na mito mpaka baharini. Mlango wa bahari wa Msumbiji, hata pale ulipo mwembamba, ni kilomita 400 hivi. Wakaazi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa jinsi mto wenye mafuriko unavyoweza kung'oa kipande cha ukingo na kukipeleka ziwani kikiwa na majani na viumbe vyake. Malagarasi huifanya kazi hiyo. Walipofika hawakukuta kalunguyeye wala nungunungu wala fisimaji. Kazi zote hizo zilikuwa wazi, na vizazi vyao vikazigawana: wengine wakawa wachimbaji kama fuko, mmoja akawa mwogeleaji, wengine wakaota miiba. Ndugu zao wachache waliobaki bara wanaishi kwenye mito ya misitu, mmoja wao yuko huko Kongo ng'ambo ya ziwa letu. Anafanana na fisimaji mdogo na hana mwiba hata mmoja.

Kwa hiyo miiba si ukoo. Imeota kwa kalunguyeye, kwa nungunungu, kwa tenreki, hata kwa panya wa miiba tulio nao Afrika Mashariki, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu mnyama mdogo anayetembea taratibu akiwa ameinamisha pua ardhini anakabiliwa na tatizo moja: mgongo uko wazi na hana mbio. Nywele tayari anazo. Zikiwa ngumu kidogo anaumia kidogo, zikiwa ngumu zaidi anapona, na anayepona ndiye anayezaa.

Watoto wamempapasa miiba ili alie. Hapo ndipo tofauti inapopendeza zaidi. Yule wa Madagaska ana miiba kumi na kitu katikati ya mgongo, minene na ya rangi ya udongo, imekaa juu ya msuli wake wenyewe. Akiitikisa inasuguana na kutoa mlio, kama vile nyenje anavyotoa sauti kwa kusugua mbawa. Mamalia wanaojulikana kufanya hivyo ni wachache mno. Sehemu kubwa ya mlio huo iko juu mno kwa masikio yetu. Kinachosikika kwenye video ni masalia yake tu, kama majani makavu yakisuguliwa. Mama anatikisa, watoto wanajua alipo hata kama majani ya msituni yamewaficha. Kwa sababu wanaishi kijamaa, wanahitaji kuitana. Tenreki wengi ni wapweke, lakini huyu hukaa shimo moja na jamaa zake wa vizazi zaidi ya kimoja, na kundi linaweza kupita wanyama ishirini. Shimo huwa karibu na maji, mlango wake hufunikwa na majani, na choo chao kiko nje karibu na mlango.

Chakula chake kikubwa ni nyungunyungu, na ndiyo maana ana pua ndefu nyembamba na vijino vidogo dhaifu. Mende wa kwetu mwenye gamba gumu angemshinda. Ana uzito wa kati ya gramu 130 na 280 hivi. Hajikunji mpira. Akichokozwa na fosa, mla nyama wa huko Madagaska, au mnyama mwingine, husimamisha taji la miiba ya shingoni na kumrukia adui kwa kichwa, na miiba ile ina vikucha vidogo kama ndoana, inang'oka na kubaki puani mwa mchokozi. Kwa hiyo jirani yako kasema jambo lenye ukweli kidogo, ila kalisema kwa mnyama asiye wake.

Maisha yake ni ya haraka mno. Mimba huchukua karibu miezi miwili, na jike aliyezaliwa leo anaweza kushika mimba akiwa na wiki tano tu. Miezi ya baridi, kati ya Mei na Oktoba, anaweza kushusha joto la mwili na kulala, kwa sababu nyungunyungu wanakuwa chini sana. Kalunguyeye wetu naye hujua ujanja huo wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, huamka na kuanza kuzunguka kwenye nyua za watu. Ndivyo mwanao alivyomkuta juzi.

Kwa hiyo waambie watoto waache kumpapasa. Miiba ya kalunguyeye haina sauti. Mlio wanaousikia, ule wa kupuliza kama pampu ya baiskeli, unatoka puani na maana yake ni "niacheni". Kila mkono unapomgusa anakunja mwili na kubana pumzi, na amekuwa hivyo siku mbili.

Sasa, nini cha kufanya naye? Kumuua hakuna faida hata moja. Amekuwa akiwalia mende na konokono bure. Kumfuga najua ndiko watoto wanakokutaka, na sitawadanganya kwamba hawezi kuishi ndani, maana katika nchi nyingine jamii hii hufugwa majumbani. Lakini hao wamezalishwa mikononi mwa watu kwa vizazi. Wenu katoka porini, ana kupe na viroboto, anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kuvu wa ngozi anayeleta vyoa na mapunye, na usiku mmoja wa kawaida hutembea eneo kubwa kuliko nyumba yako nzima. Pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata na kumweka mnyamapori bila kibali. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi: huu ni msimu wa kuzaa. Kama ni jike, huenda ana watoto shimoni ambao hawajafungua macho. Mimi ningemwachia leo hii, nisingengoja kesho.

Kabla ya hapo mpe maji kwenye kisahani kifupi. Usimpe maziwa, yatamharisha. Kama mnataka kumlisha, mende wachache au kumbikumbi waliodondoka chini ya taa wanatosha. Wote waliomshika wanawe mikono kwa sabuni, hata kama ilikuwa jana, na nguo alizozigusa zifuliwe.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ukikumbuka au ukagundua kwamba alimng'ata mtoto, hata mkwaruzo mdogo wenye damu, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaeleze kilichotokea. Msisubiri kuona mnyama anaendeleaje. Mtoto akipata homa na kuharisha ndani ya siku chache, au akitokwa na duara linalowasha mikononi, mwambie daktari kwamba alishika kalunguyeye, maana asipoambiwa hatawaza hilo. Na kama mnyama mwenyewe amelegea, anayumba, ana kidonda chenye funza, au hajikunji anapoguswa, msimwachie wala msimshike kwa mikono mitupu. Funikeni boksi, mmwite daktari wa mifugo au ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Kama yu mzima, fanyeni hivi. Baada ya Magharibi, mbwa wakiwa wamefungwa, lichukueni boksi mpaka pale pale mlipomwokota, si kwenye "pori zuri" la mbali ambalo hajui mashimo yake. Lilazeni ubavu chini ya majani, mzime tochi, mkae hatua kumi nyuma na mama mkwe akiwepo. Mtangoja. Kwa muda hamtaona kitu isipokuwa mpira. Kisha mpira utalegea upande mmoja na pua itatoka peke yake, imelowa, ikipima hewa juu na chini. Watoto wakikaa kimya watasikia anavyonusa. Pua ikisharidhika, miguu itafuata.